Unapamba Bustani au Unamtegea Mbwa Wako?

  Baridi la huku Kilolo usipime. Ukitoka nje asubuhi bila sweta, shauri yako.

Wiki hii tunaacha kidogo mambo ya mapenzi na mitindo. Tunatoka nje, tunasimama uwanjani, tunatazama maua. Siku hizi kijana akipata kazi tu anatafuta chumba na sebule chenye kiuwanja, na akishapata kiuwanja anataka mstari wa maua kandokando ya ukuta na pembeni mwa njia ya getini. Poa sana, nyumba inapendeza, na mgeni akija anajua hapa anaishi mtu. Ila kuna jambo moja tunalikosea. Tunajua kuchagua ua, hatujui kuchagua kile tunachomwaga chini ya ua. Na hicho cha chini ndicho mbwa anacholalia, paka anachochimba na mtoto anachookota na kutia mdomoni.

Kitaalamu kinaitwa matandazo. Wale mliosoma somo la kilimo shuleni mnakumbuka. Ni kitu chochote unachotandaza juu ya udongo ili unyevu usikauke upesi, magugu yasiote, na mvua isirushe tope jekundu kwenye ukuta uliopakwa rangi jana. Huku Nyanda za Juu Kusini mvua inaanza kwenye Novemba na inakata Aprili au Mei. Baada ya hapo ni ukavu mtupu, na ua lisilo na matandazo likifika Septemba linakuwa kama kijiti cha kuchokolea meno. Kwa hiyo matandazo hayaepukiki. Swali ni yapi?

Na watani zangu, najua mnataka kusema nini kuhusu Mhehe na mbwa. Mezeni kwanza huo utani, leo tunaongea mambo ya maana. Mbwa huku ni askari asiyedai mshahara. Akifa Jumanne, Jumatano usiku kuna mtu dirishani anaipima TV yako kwa macho. Paka naye akifa, panya wanafanya harusi kwenye gunia la mahindi. Huu si mchezo wa wazungu wa kumvalisha mbwa fulana.

MBWA HAJUI UA, ANAJUA HARUFU

Mbwa anaisoma dunia kwa pua. Matandazo yakinukia chakula, kwake hiyo ni sahani, hata kama wewe umeyaita bustani. Mbwa mdogo ndiye balaa kabisa, maana meno yanamwasha na anatafuna kila kitu kuanzia kandambili hadi waya wa redio. Halafu kumbuka sumu inahesabiwa kwa uzito wa mwili. Kitu kitakachomuumiza tumbo tu mbwa wa kilo 30 kinaweza kumuua mtoto wa mbwa wa kilo 3.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni maganda ya kakao. Uingereza na Marekani yanauzwa madukani kwa ajili ya kutandaza kwenye maua. Yana rangi nzuri ya kahawia na yananukia chokoleti. Nani asipende? Mbwa naye anapenda, na hapo ndipo kasheshe inapoanza! Kakao ina kemikali inayoitwa theobromini. Sisi binadamu miili yetu inaishughulikia bila taabu, lakini mbwa inamchukua karibu saa 18 kupunguza nusu yake tu. Anatapika, anaharisha, anahangaika, moyo unakwenda mbio, anatetemeka, anapata degedege, na akiwa amekula nyingi anakufa. Chama cha kutetea wanyama cha Marekani, ASPCA, kimewaonya wenye mbwa wakae mbali na maganda hayo.

Utasema hayo ni ya ng'ambo. Ohoo! Kakao ya Tanzania kwa sehemu kubwa inalimwa mkoa huu huu wa jirani wa Mbeya, Kyela na Rungwe. Siku hizi wapo wanaokaanga na kusaga kakao wenyewe, na lile ganda jembamba linalovuka baada ya kukaanga ndilo linalonukia zaidi na lenye theobromini ya kutosha kuleta msiba. Rafiki akikuletea kiroba cha maganda hayo, mshukuru, kisha uyafukie kwenye shimo la mboji mbali na mbwa. Maganda ya kahawa kutoka Mbozi nayo yaweke fungu hilo hilo, maana kafeini ni ndugu wa damu wa theobromini. Hata machicha ya kahawa uliyokunywa asubuhi usiyamwage kwenye maua kama Popi anazurura hapo.

TUIPANDE KILOLO KUTOKA CHINI

Sasa turudi wilayani kwetu. Matandazo ya huku hayanunuliwi dukani, yanaokotwa. Kila sehemu ina mabaki yake, na kila mabaki yana tabia yake.

Anza Ruaha Mbuyuni, kule bondeni kwenye joto, ambako abiria wa mabasi wananunua vitunguu kupitia dirishani. Maganda ya vitunguu yapo tele na ni ya bure. Yanapendeza kweli yakitandazwa, kama karatasi za zambarau. Lakini kitunguu kinavunja chembechembe nyekundu za damu ya mbwa na paka. Wataalamu wa mifugo wanasema gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa zinatosha kumharibu damu. Paka ni gramu 5 tu kwa kilo. Yaani paka wa kilo 3 anatosheka na gramu 15, ambazo hazifiki hata nusu ya kitunguu kidogo. Na kisikudanganye kikauke au kipikwe, sumu iko pale pale.

Maganda makavu peke yake mbwa wengi hawana habari nayo. Tatizo ni kwamba kiroba cha maganda hakikosi vitunguu vibovu, na mbwa wa mtaani hachagui. Halafu dalili zinachelewa. Mnyama anakula leo, siku tatu nne baadaye ndipo ufizi unakuwa mweupe, anahema, anachoka, mkojo unakuwa mwekundu kama chai ya rangi. Hapo mwenye mbwa anasema jirani kamroga. Karogwa wapi, wakati kiroba umekibeba mwenyewe?

Panda mlima Kitonga, ukiwa salama fika Ilula. Hapa ni nyanya kwa kwenda mbele. Msimu ukiisha, mashamba yanabaki na mashina na majani, na kijana mjanja anaona matandazo ya bure. Sikatai, ila acha. Nyanya iliyoiva haina neno, lakini majani na mashina mabichi yanamchafua mbwa tumbo. Kubwa kuliko hilo, nyanya ni zao la kupigwa dawa, dawa ya wadudu na dawa ya ukungu, mara nyingi msimu mzima. Yale mabaki hayajaoshwa na mtu. Mbwa akiyalalia kisha akajilamba manyoya, amekunywa dawa. Na kwa maua yenyewe, unaweza kubeba mnyauko wa shambani ukauhamishia kwako. Mabaki ya nyanya mahali pake ni shimo la mboji.

Sasa pinda upande wa Kilolo yenyewe, Dabaga, Kidabaga hadi Bomalang'ombe. Huku ni miti. Watu wanatoka hadi Dar kuja kununua mashamba ya kupanda mipaini na milingoti. Mashine za kupasua mbao zinanguruma, na kila penye mashine pana kilima cha maranda na vumbi la mbao. Hapa ndipo penye matandazo mazuri kuliko yote, na hapa hapa ndipo penye mabaya kuliko yote. Sikiliza vizuri.

MARANDA MBICHI NA MARANDA YA DAWA

Mti uliopasuliwa ukiwa mbichi, haujatiwa kitu, maranda yake hayana sumu ya kutisha. Shida ni mti uliotiwa dawa. Nguzo nyingi za umeme unazoziona zimesimama njiani ni za milingoti ya ukanda huu, na ili zisiliwe na mchwa zinashindiliwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ndiyo ile sumu ya kwenye hadithi za wafalme. Nguzo au mbao iliyotiwa dawa hiyo inakuwa na rangi ya ukijani-kijani. Marekani viwanda viliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003, kwa sababu watoto walikuwa wanazichezea na kulamba vidole.

Kwa hiyo vipande, vumbi na maranda ya nguzo zilizotiwa dawa usiyasogeze kwenye maua. Usiyape kuku, usiyachome jikoni, maana aseniki haiungui, inabaki kwenye majivu na nyingine inakwenda na moshi. Ukifika kwenye mashine, maongezi yawe hivi:

"Kaka, kamwene. Maranda haya ni ya mbao gani?"

"Kamwene, dada. Paini tupu hayo. Beba tu."

"Hayajachanganyika na ya nguzo za dawa?"

"Aah, za dawa hatupasui hapa."

Akisita kujibu, au ukiona vipande vya kijani kwenye kilima, aga kwa heshima uende mashine nyingine. Dakika moja ya maswali ni bei rahisi kuliko mbwa. Mbao kuukuu zilizopakwa rangi au oili chafu nazo ni hivyo hivyo.

Hata maranda masafi yana masharti. Yakiwa mabichi kabisa yanafyonza rutuba ya juu na maua yanakuwa ya njano, kwa hiyo yaache yakae nje miezi kadhaa au changanya na samadi iliyooza. Vumbi laini la mbao nalo paka wanalipenda kupita kiasi... wanaligeuza choo! Kama hutaki hivyo, tumia maranda manene. Na yale yaliyotoka kwenye banda la kuku usiyatandaze, yana mifupa, mizoga ya vifaranga na vinyesi. Mbwa atayafukua usiku kucha.

Majani ya milingoti yana mafuta makali ambayo si mazuri kwa mbwa wala paka, na hata maua mengine yanasinyaa chini yake. Acha.

CHAGUO LANGU: SINDANO ZA PAINI

Ukiniuliza mimi, kwa mtu wa Kilolo, Mufindi au Njombe, kamata majani makavu ya paini, yale kama sindano. Hayanukii chakula. Yanashikana, upepo hauyapeperushi. Maji yanapita. Hayaozi upesi, kwa hiyo hufanyi kazi kila mwezi. Paka hayapendi kuyachimba kwa sababu yanachoma miguu. Mbwa wengi hawayagusi, na akitafuna mengi kwa utundu atatapika na tumbo litamuuma, basi. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, jaza viroba, nenda. Msitu wa serikali usiingie kienyeji.

Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa: MOTO. Sindano kavu zinawaka kama karatasi yenye mafuta ya taa. Kila kiangazi tunaona mashamba ya miti yanaungua huku. Basi usiyatandaze karibu na jiko la mkaa, wala chini ya dirisha ambalo mshikaji anatupia vichungi vya sigara. Penye hatari hiyo weka kokoto. Kokoto haiungui, hailiki, haiozi, ila chagua kubwa kuliko mdomo wa mtoto wa mbwa, asije akaimeza ikakwama.

Kwa mlio mbali na paini, nyasi kavu ni poa. Mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa ni poa, ila ondoa magunzi. Mbwa anapenda gunzi, analimeza vipande, linaziba utumbo na dawa yake ni kupasuliwa. Maganda ya mpunga kutoka Mbarali yanafaa, yamwagie maji kidogo yasipeperukie machoni. Lakini maganda siyo pumba. Pumba ni chakula, ukiitandaza umeita mbwa, kuku na panya kwa pamoja.

Na chochote kikiota ukungu, tupa. Ukungu wa kwenye mabaki yaliyooza unaweza kumtetemesha mbwa hadi aanguke, na punje za mahindi zilizobaki kwenye mabua zinaweza kuwa na sumukuvu. Hii ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kama inaua mtu mzima, Popi ni nani?

KUNA MIMEA YA UZIO

Wengi tunapunguza uzio halafu matawi tunayatupa pale pale chini ya maua. Kama uzio ni wa minyaa, ile yenye utomvu mweupe ambayo wengine mnaiita manyara, usifanye hivyo. Utomvu ule unaunguza macho na midomo ya mbwa, na yako pia. Nyonyo nayo, inayotoa mafuta ya nyonyo ya dukani, mbegu zake ni sumu kali mno. Punje chache zilizotafunwa zinaweza kuua mbwa. Mashudu yake yakitumika kama mbolea ni mtego ule ule, na mbwa wanayapenda.

Halafu kuna wale wanaotandaza matandazo safi kabisa, kisha wananyunyiza dawa juu yake. Sumu ya panya, chenga za kuua konokono, au zile punje za Furadan. Furadan ndiyo ile iliyotumika kuua simba Kenya hadi watengenezaji wakaiondoa sokoni huko mwaka 2009. Simba, mwanangu! Wewe unaimwaga pale mbwa anapolala mchana?

NAMNA YA KUTANDAZA

Kwanza ng'oa magugu, mwagilia udongo, ndipo utandaze. Unene uwe inchi 2 hadi 3. Ukizidisha, nyoka na nge wanapata nyumba ya kulala. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina la ua, lisioze. Ukutani acha nafasi pia, mchwa wasipate daraja la kuingia ndani. Siku mbili tatu za mwanzo mwangalie mbwa. Akinusa na kuondoka, umefaulu. Akianza kutafuna kama muwa, ondoa yote.

Na mtengee mahali pake pa kuchimba. Kona moja ya uwanja yenye udongo mtupu na kivuli, zika mfupa wake mmoja. Mbwa akijua pale ni kwake, maua yako yatapumua.

AKISHAKULA JE?

Usimpe maziwa, mafuta ya kula wala mayai mabichi ukidhani yanakata sumu. Hayakati. Usimlazimishe kutapika kwa chumvi, chumvi nyingi nayo ni sumu. Mtoe pale, mfungie mahali patulivu, mpe maji kama anakunywa mwenyewe. Chukua kidogo cha alichokula utie kwenye mfuko. Piga simu kwa bwana mifugo wa kata au daktari wa mifugo mjini, umwambie mambo matatu: amekula nini, saa ngapi, na ana uzito wa kilo ngapi. Ukienda mapema kuna matumaini. Ukisubiri "tuone kesho", kesho yenyewe utachukua jembe.

Kwa kifupi, msomaji wangu, kabla hujamwaga kitu chochote chini ya maua jiulize: Kinanukia chakula? Kimepigwa au kutiwa dawa? Kimeota ukungu? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja tu, kirudishe kilikotoka. Kama hujui kimetoka wapi, basi kirudishe pia. Maua yakinyauka utapanda mengine mvua zikianza. Askari wako wa getini hapandwi.

Kwa leo naishia hapa, mkono umeganda kwa baridi. Wiki ijayo panapo majaliwa tutaongea habari ya wapangaji wanaochangia bomba moja la maji, na nani anapaswa kulipa nini. Kaeni mkao wa kula... chao!